Nani Anafaa Kuwa Mke wa Mwana Mfalme?



Wiki iliyopita dukani kwangu tulikuwa na magauni matatu ya harusi ya kumaliza. Wasichana wangu wawili wanaojifunza cherehani walikaa chini wanatia shanga, simu wameiegemeza kwenye kopo la vifungo, wanaangalia tamthilia ya The Rings of Power. Akatokea Disa, mke wa mwana mfalme wa watu wafupi wanaoishi ndani ya milima. Aliyemwigiza ni Sophia Nomvete, mwanamke mweusi. Msichana mmoja akacheka, akasema, "Huyu hafai hapo. Kwenye kitabu hayuko hivyo."

Nikamtazama. Yeye mwenyewe ni mweusi, ngozi inang'aa mashallah. Kitabu hajakisoma. Na huyo Disa kwenye kitabu hayumo kabisa, katungwa kwa ajili ya tamthilia. Sasa nani alimfundisha kuwa hafai?

Nilipofika nyumbani nikamkumbuka mwandishi mmoja wa Marekani, Ursula K. Le Guin, na vita yake ya rangi iliyotangulia hii miaka mingi. Nataka tuisimulie leo.

Mwaka 1968 Le Guin alitoa kitabu A Wizard of Earthsea. Ni hadithi ya kubuni tu, yenye mazimwi na watu wa miujiza, kama Alfu Lela Ulela tuliyosimuliwa utotoni. Dunia yake yote ni visiwa na bahari, watu wanasafiri kwa mashua. Shujaa wake ni Ged, mtoto mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont. Rangi yake ni ya shaba, wekundu uliochanganyika na hudhurungi. Rafiki yake mkubwa, Vetch, ni mweusi hasa. Watu weupe wenye nywele za manjano wamo pia, nao mwanzoni mwa kitabu ndio wavamizi wanaokuja kuchoma na kupora vijiji.

Wakati ule vitabu vya namna hii vilikuwa na mashujaa weupe watupu, na muovu ndiye mweusi. Le Guin aligeuza kwa makusudi. Alieleza baadaye kwamba watu wengi wa dunia hii si weupe, basi kwa nini dunia ya kubuni iwe ya weupe peke yao? Lakini alikuwa mjanja. Hakutangaza rangi ya Ged ukurasa wa kwanza. Alimwacha msomaji ampende kwanza, amwonee huruma, amwogopee, ndipo akaitaja. Msomaji mweupe akajikuta tayari yumo ndani ya ngozi ya mtu wa rangi nyingine.

Maneno yalikuwa yake, lakini picha zilikuwa za wengine. Jalada la kwanza, kazi ya Ruth Robbins, lilimpa Ged uso wa rangi ya shaba. Matoleo mengi yaliyofuata yalimchora mweupe. Mwandishi alilalamika miaka na miaka, akaambiwa vitabu vyenye mtu mweusi kwenye jalada haviuzi.

Kisha ikaja Desemba 2004. Kituo cha televisheni cha Sci Fi cha Marekani kilionyesha tamthilia ya kitabu chake. Ged aliigizwa na Shawn Ashmore, kijana mweupe. Danny Glover, mweusi, alipewa nafasi ya mwalimu wake Ogion, na karibu wengine wote walikuwa weupe. Le Guin alikuwa ameuza haki za vitabu, na mkataba ulimpa cheo cha mshauri tu. Sisi mafundi tunalijua jambo hili: mteja akuite ushauri, halafu akate kitambaa bila wewe. Siku chache baadaye akaandika makala katika gazeti la mtandaoni la Slate, akasema wazi kwamba wameipaka chokaa hadithi yake.

Kilichonigusa ni alivyosema kuhusu barua. Wasomaji wasio weupe walikuwa wamemwandikia kwamba ndiyo hadithi pekee ya aina hii waliyojiona ndani yake. Watu hao ndio waliofutwa.

Turudi kwenye mabishano ya sasa. The Rings of Power ilipoanza Septemba 2022, waigizaji wake wasio weupe walitukanwa hadi wenzao wote wakatoa tamko la kuwatetea. Hoja kubwa ya wapinzani ilikuwa kitabu kiheshimiwe. Lakini Tolkien mwenyewe aliandika kuwa kabila moja la Hobbit, Harfoots, lina ngozi ya hudhurungi zaidi kuliko wenzao.

Shoga, najua utaniuliza: kama ilikuwa kosa kumfanya Ged mweupe, mbona si kosa kumweka mweusi palipoandikwa mweupe? Swali la haki, na si kila anayeuliza ana ubaguzi. Mimi napima kama fundi. Gauni lina mshono wa pambo na mshono unaobeba. Ukibadili lesi ya mkononi, gauni lipo. Ukifumua bega, gauni lote linaanguka. Rangi ya Ged ilikuwa bega. Hadithi imening'inia hapo. Annabeth wa Percy Jackson ana nywele za manjano kitabuni, lakini mwandishi Rick Riordan alishiriki mwenyewe kumchagua Leah Jeffries, binti mweusi, na Mei 2022 akamtetea hadharani: alitafuta tabia ya Annabeth, akaipata.

Surat Ar-Rum imetutajia tofauti za rangi zetu kuwa ni katika ishara Zake. Tunaisoma, kisha bi harusi ananiletea picha kwenye simu na kuniambia apakwe poda "awe kama huyu", na huyo hafanani naye hata kidogo.

Siku ile ile nilimtuma yule msichana dukani akanunue bitana ya rangi ya ngozi, ya kuweka chini ya lesi ya mikono ili bi harusi asitiriki. Akarudi na bitana ya waridi hafifu. Nikamwambia aiweke juu ya mkono wake. Akaiweka, akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, hii ngozi ya nani?"

Nikampa nauli arudi akatafute ya hudhurungi. Aliipata duka la nne.