Utumwa wa Ujiji na vita vya 1892–1894

Utumwa wa Ujiji, mji ulio jirani na Gungu mkoani Kigoma, ulikuwa mfumo wa biashara na utawala uliounganisha Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na pwani ya Bagamoyo katika karne ya 19. Mateka na pembe za ndovu vilivushwa ziwa, kisha misafara ikashika njia ya Tabora.

Kuanzia mwaka 1892 Dola Huru la Kongo lilipigana na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, akiwemo Rumaliza wa Ujiji, hadi 1894. Wabelgiji walioliongoza dola hilo walidai wanakomesha utumwa. Ni kweli misafara mingi ilivunjika, lakini Ngongo Lutete, mtumwa wa zamani aliyekuwa jemadari wa mfanyabiashara Tippu Tip, aliwaunga mkono Wabelgiji, nao wakamuua 1893. Kilichogombewa hasa kilikuwa pembe za ndovu na ardhi. Hata upande wa Wajerumani, waliotawala Ujiji, utumwa ulibaki halali. Ulipigwa marufuku kabisa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Baada ya vita, ujenzi mpya ulifanywa na wenyeji: Wamanyema, wakiwemo wazao wa mateka na wapagazi, walijenga huko Ujiji jamii ya Kiislamu yenye kuzungumza Kiswahili, ingawa reli ya 1914 iliihamishia biashara Kigoma.