Somo la Kuchora: Kutoka Mwambao wa Rumonge hadi Madarasa ya Kambini



Katika toleo hili la kumbukumbu wengine wameandika juu ya safari, maji na mgao wa chakula. Sisi tumepewa ukurasa wa elimu, na tumechagua somo ambalo hukatwa la kwanza fedha zinapopungua, yaani uchoraji na usanifu katika shule ya sekondari. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la anasa kwa mtu anayeishi chini ya turubai. Tunawaomba wasome kwanza.

Sisi tuliotoka Rumonge, Minago na Nyanza-Lac tulikulia kati ya watu waliojua kubuni vitu. Tazama uvuvi wa usiku. Boti mbili au zaidi hufungwa pamoja kwa nguzo ndefu, wavu hushushwa katikati yao, na taa huwashwa ili kuwavuta ndagala na mukeke. Uvuvi huu wa katamarani ulienea katika Ziwa Tanganyika tangu miaka ya 1950, na baadaye zikaja zile kubwa zaidi ziitwazo Apollo. Nafasi kati ya boti na boti ikikosewa, wavu haufunguki sawasawa, au nguzo huvunjwa na mawimbi. Yupo fundi aliyeiona nafasi hiyo kwanza kichwani, akaipima kwa kamba, akaijaribu majini, kisha akairekebisha. Huo ndio usanifu. Fundi hakuupata darasani, na mtoto wake alipopelekwa shule hakuukuta huko pia.

Sababu yake ni ya zamani. Wakati wa Wabelgiji, sekondari katika Ruanda-Urundi ilikuwa ya watu wachache. Shule kubwa ya Astrida, iliyoanzishwa na mabruda Wakatoliki mwaka 1929, iliandaa makarani pamoja na wasaidizi wa waganga, wa kilimo na wa mifugo. Serikali ilitaka watu wa kuandika ripoti. Mchoraji hakuwamo katika hesabu.

Kwa majirani zetu mambo yalikwenda tofauti kidogo. Nchini Uganda, Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji katika miaka ya 1930, na darasa lake likawa shule ya sanaa ya Makerere. Humo walipita Gregory Maloba wa Kenya na Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro. Nchini Congo, bruda Marc-Stanislas, ambaye jina lake la nyumbani ni Victor Wallenda, alifungua shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi mwaka 1943. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na ndiyo iliyozaa Akademia ya Sanaa ya mji huo. Huko Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake mwaka 1946, na Laurent Moonens akaanzisha akademia mwaka 1951.

Hawa hawakuwa na fikra moja. Romain-Desfossés hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwaambia watazame miti, ndege na samaki wa kwao. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi mifupi, na Pilipili Mulongoy akajulikana kwa ndege na samaki wake. Picha zao ni nzuri mno. Hata hivyo, kumzuia kijana asione kazi za wengine ni kumfungia dirisha, hata kama nia ni njema. Sisi tunampendelea Trowell katika jambo moja: mwaka 1937 alitoa kitabu kilichotaka kazi za mikono za Waafrika ziingie shuleni. Mwalimu akianza na kikapu cha igiseke au chungu, mwanafunzi wa kwetu ana la kusema tangu siku ya kwanza.

Nchini Burundi ipo shule ya sekondari ya ufundi wa sanaa mjini Gitega, mji uleule wenye Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955. Tunaiheshimu. Lakini kwa mtoto wa mvuvi, Gitega iko mbali, juu milimani. Inataka nauli, godoro na Kifaransa safi.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulianza huko huko kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wasio na hatia waliuawa. Kilichofuata ni mauaji ya Wahutu yaliyofanywa na dola, ambayo makadirio mengi yanayahesabu kuwa ya watu laki moja au zaidi. Walimu na wanafunzi wa sekondari walitafutwa kwa sababu tu walikuwa wamesoma. Wazee wetu walivuka ziwa kwa mitumbwi. Nchini Tanzania walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, na watoto wao wakafuata mtaala wa Tanzania.

Mwaka huohuo wa 1972 alifariki Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam, aliyekuwa akichora wanyama kwa rangi ya mafuta juu ya vibao vya mraba. Watu humtaja kuwa ni ushahidi kwamba msanii hahitaji shule. Hatukubaliani nao. Tingatinga alikuwa na wanafunzi walioketi naye na kujifunza mkono wake, ndiyo maana uchoraji ule haukufa pamoja naye. Ilikuwa shule isiyo na jengo, basi.

Baada ya 1993, shule za Warundi katika makambi ya Kigoma zilifuata mtaala wa Burundi ili mtoto akirudi nyumbani asianze upya. Uamuzi ule ulikuwa mwema. Lakini mlango wa ufundi ulibaki mwembamba, maana mchepuo wa ufundi unataka meza, zana na mwalimu wake, na masomo ya kawaida yanatosheka na ubao na chaki. Hivyo kijana mwenye mkono mzuri amekuwa akichora panzi na moyo wa binadamu katika biolojia, na ramani katika jiografia. Wakati mwingine hukemewa kwa kupoteza muda kwenye vivuli.

Na bado, panapohitajika bango la kuzuia kipindupindu au ubao wa zahanati, vijana haohao ndio wanaoitwa. Wanalipwa soda. Bango linabandikwa, mvua inalilowesha, linatupwa, na kijana hana chochote cha kumwonyesha mwalimu wa shule ya ufundi siku atakaporudi.

Kwa hiyo kamati inaomba mambo mawili. Mashirika yanapoagiza vifaa vya shule, waongeze rula ndefu, bikari, penseli laini na karatasi kubwa. Si vitu vya gharama. Na kila bango liandikwe chini jina la aliyelichora, na tarehe. Kampeni ikiisha, arudishiwe mwenyewe. Tumewaomba walimu watenge sanduku moja lenye kufuli kwa kazi hizo, na fundi seremala wa soko la juu amekubali kulitengeneza iwapo tutampatia mbao.