Mlimani na deni la mwenye mikorosho

Oktoba ikiingia, Nakapanya yote, huku Ruvuma, hunuka mabibo. Korosho zinaanza kudondoka, mashati ya watoto yanapata madoa yasiyokubali sabuni, na kandokando ya barabara iendayo Masasi utakuta kijana mmoja au wawili wamekaa juu ya mabegi wakisubiri basi la Dar es Salaam. Ukiwauliza waendako watakujibu kwa neno moja: Mlimani. Mzee mmoja wa hapa, aliposikia kwamba mjukuu wake amepangiwa hosteli za Mabibo, aliuliza kama na huko mikorosho imeshaanza kuzaa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hicho wanachokiita Mlimani, kilizaliwa mwezi huuhuu, tarehe 25 Oktoba 1961. Kilianza na wanafunzi wasiozidi 14, wote wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Uhuru ulikuwa umebakiza siku 45. Tulianza na jengo la chama na shahada za Uingereza. Mwaka 1963 kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, 1964 kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa Makamu Mkuu. Hayo husomwa kila mahafali, hayana haja ya kurefushwa.

Kinachosomwa kwa haraka ni Jumamosi moja, tarehe 22 Oktoba 1966.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mhitimu wa elimu ya juu atumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Jeshi hilo lilikuwa chini ya Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, mtoto wa Songea hii hii. Wanafunzi wakakataa. Wakavaa majoho yao mekundu, wakaungana na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, wakaandamana hadi Ikulu. Bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za ukoloni. Katika risala yao walitamka kwamba, masharti yasipobadilika, miili yao itakwenda kambini lakini roho zao zitabaki nje.

Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawajibu kwamba mtu ambaye roho yake haimo, hamchukui. Kwa kuwa walilalamikia pia mishahara ya wakubwa, akakiri kuwa hapo wana haki, kisha akapiga hesabu mbele yao. Mtu anayepata shilingi 200 kwa mwezi angehitaji miaka 25 ili kupata kile ambacho yeye, Rais, anakipata kwa mwaka mmoja. Papo hapo akautangaza mshahara wake kupunguzwa kwa asilimia 20. Wanafunzi akawafukuza. Karibu 400 walirudishwa kwao, kila mmoja wilayani alikotoka, na wengi waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Kitabu cha historia ya chuo kilichohaririwa na Isaria Kimambo, Bertram Mapunda na Yusufu Lawi mwaka 2008, ambacho ndicho nilichoegemea zaidi, kinauweka mgogoro huo katika mlolongo wa safari ya chuo kutafuta kinachokifaa kuwa. Ni sawa kwa wanaoutazama wakiwa kilimani. Ukiutazama kutoka huku ilikuwa kesi ya madai. Hata hizo shilingi 200 kwa mwezi, mwenye mikorosho hakuwa akizijua. Magunia yake, pamoja na pamba ya Usukuma na katani ya Tanga, ndiyo yaliyoleta fedha za kigeni zilizolipia vitabu na mikate ya wale waliovaa majoho. Wenye deni waliandamana. Aliyewadai hakualikwa, na wala hakujua kwamba kuna kikao. Miezi mitatu na nusu baadaye likatoka Azimio la Arusha. Sisemi maandamano ndiyo yaliyolizaa, lakini hesabu ya mishahara ilikuwa imeshapigwa hadharani.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokipa chuo jina duniani. Walter Rodney alifundisha pale, Yoweri Museveni akasoma na kuunda umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi. Jarida la Cheche likaanza mwaka 1969 na kupigwa marufuku mwaka uliofuata. Karim Hirji, mmoja wa wahariri wake, amelisimulia vizuri katika kitabu chake. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi kutoka Kenya, Symonds Akivaga, alikamatwa na askari na kurudishwa kwao kwa sababu ya barua ya wazi kwa uongozi.

Kwa mtu wa Ruvuma, hata hivyo, kazi kubwa ya miaka ile ni nyingine. Mwaka 1968 Idara ya Historia iliwatuma wanafunzi wake vijijini, wengi wakati wa likizo na katika maeneo walikozaliwa, wakawahoji wazee waliokumbuka vita vya Majimaji. Walikuwepo bado watu waliokuwa watoto au vijana wakati Wajerumani walipowanyonga mashujaa wa Songea, Februari 1906. Kabla ya hapo vita hivyo vilisomwa zaidi kwa kalamu ya aliyeshinda. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikusanya kumbukumbu hizo, na majalada yake yakahifadhiwa Mlimani. Katika shule nilizopita huku kusini sijaona nakala hata moja. Mzee alitoa neno lake bure, mjukuu wake akitaka kulisoma inabidi apande basi.

Kilichotufikia bila nauli ni kamusi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoingia chuoni mwaka 1964, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na hiyo utaikuta kabatini kwa mwalimu, jalada limefungwa kwa gundi.

Baada ya hapo chuo kikawa mzazi. Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Muhimbili na Ardhi zikajitegemea mwaka 2007. Chuo chenyewe kilifungwa mwaka 1990 kwa mgogoro mwingine, kikafunguliwa. Maduka ya Mlimani City yakaota katika ardhi yake. Novemba 2018 Rais Magufuli alifungua maktaba iliyojengwa na Wachina, yenye viti zaidi ya 2,000, na kila mgeni hupigwa picha pale.

Tangu 2005 kuna Bodi ya Mikopo. Wa 1966 walikataa kukatwa asilimia 60 kwa mwaka mmoja na nusu. Wa leo hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, wakibahatika kuupata mshahara wenyewe. Deni sasa lina namba na jina la mdaiwa, na anayedai ni Bodi. Yule wa mikorosho hatajwi popote katika fomu, ingawa nauli ya basi kaitoa yeye, na ya kurudi likizo ataitoa yeye.

Kwa miaka kadhaa tulikuwa na Mlimani mifukoni. Nyuma ya noti ya shilingi 500 palichorwa Ukumbi wa Nkrumah, paa lake likipanda na kushuka, na wahitimu wamesimama. Msimu wa korosho noti hizo zilipita mikono ya watu ambao hawajawahi kuuona ukumbi huo, zikarudi zimelainika kwa mafuta ya maganda. Mwaka 2014 ikaja sarafu mahali pake. Upande mmoja ina Karume, upande wa pili nyati.