Sehemu ya 4: Nani anabeba mzigo? Kiongozi na wapagazi wa Kariakoo

Watoto wakishalala, tuendelee na mfululizo wetu wa uongozi. Leo tuko nyumbani kabisa, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki.

Ukitafuta habari za vita hivyo utakutana na Mjerumani mmoja, Paul von Lettow-Vorbeck. Anasifiwa kweli kweli. Hakuwahi kuwa na zaidi ya watu 15,000 hivi wa kupigana, wengi wao askari Waafrika, na bado aliwakimbiza Waingereza miaka minne, hadi alipoweka silaha chini pale Abercorn, leo Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Na alikuwa na akili, tusimnyime haki yake. Dawa ya malaria kutoka Ulaya ilipokatika, wataalamu wake walichemsha magome ya mti wa kwinini uliolimwa Usambara. Dawa chungu balaa, lakini ilisaidia.

Upande wa pili, mwaka 1916, alikuja Jan Smuts kutoka Afrika Kusini. Huyu alikuwa na haraka. Machi yuko Moshi, Agosti yuko Morogoro, mbio zote hizo akiacha chakula na dawa nyuma sana.

Mimi ni nesi, kwa hiyo macho yangu yanakimbilia kwa wagonjwa. Na wagonjwa wa vita hii walikuwa wapagazi. Barabara zilikuwa chache, mbung'o wakaua ng'ombe na punda, basi kila kitu kikapanda kichwani mwa mtu. Mzigo wa kama kilo 25, mvua na jua. Waingereza peke yao walitumia wapagazi karibu milioni moja katika vita nzima. Waliokufa, kwa hesabu yao wenyewe, ni zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi wanaona walikuwa zaidi ya hapo.

Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia.

Hapa mama utanielewa haraka kuliko jenerali yeyote. Wapagazi walipewa unga wa mahindi. Wengi kwao walizoea ndizi, mihogo au mtama. Wanafika kambini usiku, wamechoka, kuni mbichi, sufuria hazitoshi. Unga unapikwa nusu, unaliwa hivyo hivyo, na maji ni ya dimbwi. Wewe mwenyewe unajua uji usioiva unavyomfanya mtoto tumboni. Sasa weka hapo mtu mzima anayetembea siku nzima, hana blanketi, halafu kesho abebe tena.

Na hebu piga hesabu. Mpagazi akibeba kilo 25 za unga, na yeye anakula kilo moja kwa siku, safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi inamaliza kilo 20. Wanaofika kwa askari ni kilo tano tu! Kwa hiyo jenerali akizidi kukimbia mbele, nyuma wanahitajika watu wengi zaidi, na kila mmoja ana tumbo. Mkubwa asiyepiga hesabu hiyo anaua watu wake bila adui kufyatua hata risasi moja.

Aliyeipiga ni ofisa mmoja asiyejulikana sana, Oscar Watkins, aliyesimamia wapagazi wa upande wa Kenya. Hakushinda pigano lolote. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwasumbua wakubwa wake: chakula bora, mablanketi, hospitali za wapagazi. Mwaka 1917 mambo yalianza kuwa afadhali, ingawa kwa maelfu ilishachelewa. Mimi kati ya hao watatu namchagua yeye. Wodini nimewahi kufanya kazi chini ya sista mkuu wa aina hiyo. Akiingia zamu, kabla ya kugusa mafaili, anamuuliza mfanya usafi kama ana glavu. Tulikuwa tunamuona ana mambo madogo, lakini zamu yake kila kitu kilikwenda.

Lettow naye? Msafara wake ulikuwa na wake za askari na watoto, na wapo watoto waliozaliwa njiani. Chakula walikichukua vijijini, na Waingereza nao walichukua nafaka na ng'ombe wao. Ugogoni ikafuata njaa ya 1917 hadi 1920, ile Wagogo wanaiita Mtunya. Kitabu kinachomsifu jemadari bila kutaja Mtunya, mimi nakisoma kwa jicho moja.

Wapagazi waliitwa Carrier Corps. Ndimi zetu zikageuza, ikawa Kariakoo, pale Dar ilipokuwa kambi yao. Nairobi ikawa Kariokor. Tunanunua nepi na madaftari ya watoto juu ya kambi ile. Ukitoka hapo ukaelekea Posta, utaiona sanamu ya Askari iliyowekwa 1927. Ni askari peke yake na bunduki yake. Ya Nairobi ina mpagazi pembeni.

Kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu aliyesimuliwa habari za mpagazi wa ukoo wenu, muulizeni alibeba nini, alikula nini, na kama alirudi. Mniandikie hapo chini. Sehemu ya 5 ni mafua ya 1918.