Sarkoidosisi ya watoto

Sarkoidosisi ya watoto ni ugonjwa nadra ambapo seli za kinga ya mwili hujikusanya na kuunda vinundu vidogo, viitwavyo granuloma, katika mapafu, tezi za limfu, ngozi, macho, viungo au ogani nyingine. Chanzo chake hakijulikani. Hauambukizi.

Jina linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "nyama". Lilianza kutumika baada ya daktari Caesar Boeck wa Norwei kueleza vinundu vya ngozi mwaka 1899.

Dalili

Watoto wakubwa na vijana huugua kama watu wazima: homa, uchovu, kupungua uzito, kikohozi na kuvimba tezi. Kwa watoto chini ya miaka 5, mara nyingi mapafu hubaki salama. Dalili kuu ni vipele, kuvimba viungo na uvimbe wa ndani ya macho. Hali hiyo ikirithiwa kupitia jeni NOD2 huitwa sindromu ya Blau. Macho yasipotibiwa, mtoto anaweza kupofuka.

Utambuzi

Dalili za kifuani hufanana sana na za kifua kikuu, na Tanzania ni kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo duniani. Kwa sababu hiyo mtoto wa Wazo au Temeke mwenye kikohozi cha muda mrefu hupimwa kwanza kifua kikuu. Asiyeweza kutoa makohozi huweza kupimwa majimaji ya tumbo au kinyesi.

Uthibitisho hutokana na kipande kidogo cha tezi au ngozi kinachochunguzwa kwa hadubini. Granuloma za kifua kikuu kwa kawaida huwa na kitovu kilichooza mithili ya jibini. Za sarkoidosisi hazina. Uchunguzi huo huhitaji hospitali kubwa, kama Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Tiba

Dawa kuu ni prednisoloni; methotreksati huongezwa ikihitajika. Kosa la utambuzi lina madhara pande zote mbili. Prednisoloni hushusha kinga, hivyo ikitolewa peke yake kwa mwenye kifua kikuu, ugonjwa huweza kusambaa mwilini. Kinyume chake, mwenye sarkoidosisi akimeza dawa za kifua kikuu kwa miezi hatapona, na macho yake yanaendelea kuharibika. Ndiyo sababu mtoto asiyepata nafuu kwa dawa hizo anapaswa kuchunguzwa upya, pamoja na macho yake, hata kama haoni maumivu.