Kunguru Waliozaliwa Shuleni

Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe ya Kongo waliifunga AS FAR ya Morocco 1-0 wakawa mabingwa wa Afrika, na kelele za "Kunguru!", jina la utani la klabu, zikasikika tena Katanga yote, hadi huku kwetu Likasi. Kifuani, lakini, walibeba mamba aliyeuma mpira. Mamba ni wa nembo. Kunguru ni wa watu.

Mambo yalianza shuleni. Kwa simulizi ya klabu yenyewe, mwaka 1939 wamonaki Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface, katika jiji la Élisabethville, Katanga, waliunda timu ili wanafunzi wasioelekea upadri wapate la kufanya. Ikaitwa Saint-Georges, jina la msimamizi wa skauti wao. Mwaka 1944 ikawa Saint-Paul. Wachezaji wa nje walipoingia, wamonaki wakajitoa, na mtakatifu akampisha mfadhili: Englebert, kampuni ya matairi ya Ubelgiji.

Mwaka 1966 Englebert ilitwaa ubingwa bila kufungwa, ikajiongezea Tout Puissant, sifa ambayo kanisani hupewa Mungu peke yake. Sijui wamonaki wangesemaje.

Mwaka uliofuata likazuka sakata ambalo wazee wa Ghana hawajalimeza. Fainali ya Afrika dhidi ya Asante Kotoko ilikwisha 1-1 Kumasi, kisha 2-2 Kinshasa. Ikazungumzwa habari ya kurusha sarafu, haikukubalika. Ukapangwa mchezo wa tatu Yaoundé. Englebert wakafika, Kotoko hawakuonekana, na kombe likaja Kongo. Waghana walisema taarifa ya mchezo huo haikuwafikia. Basi taji la kwanza la Afrika la timu hii halikupatikana kwa bao. La pili halina ubishi: 1968 Étoile Filante ya Lomé ilichapwa 5-0 katika mchezo wa kwanza. Kotoko nao walilipiza fainali ya 1970, wakishinda 2-1 Kinshasa kwenyewe.

Rais Mobutu alipoleta sera yake ya uhalisi, ya kuacha majina ya kigeni, miaka ya sabini, jina la matairi likaondoka, Mazembe ikaingia. Mji wetu wa Jadotville ulikuwa umekwisha kuwa Likasi.

Kunguru hakuletwa na mmonaki, mfadhili wala rais. Ametokana na jezi nyeusi na nyeupe, na atazamaye kunguru wetu wa Katanga, mweusi mwenye kifua cheupe, haulizi zaidi. Dar es Salaam na Zanzibar ndege wa jina hilo hutegewa mitego kama mharibifu, hapa anaimbiwa.

Yaliyofuata yanajulikana: mataji ya Afrika ya 2009, 2010 na 2015, fainali ya dunia ya klabu dhidi ya Inter, kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Kijana wa Kikula hapa Likasi atakutajia mabao ya mshambuliaji Samatta bila kusita. Mtajie Saint-Boniface, atadhani ni parokia. Aibu hiyo si yake. Ni yetu tunaoandika habari za usajili kila wiki na kuiacha shule hiyo bila hata aya moja.