Historia ya Uuguzi, Sehemu ya 4: Wauguzi waliozama na Khedive Ismail

Watoto wakishalala, vuta kiti. Leo ni meli iliyoondoka hapa hapa kwetu, Mombasa, ikiwa na wauguzi zaidi ya 50 ndani yake, na vijana wetu karibu 1,000. Shuleni mimi sikufundishwa habari hii, na nadhani wengi wenu pia.

Meli yenyewe haikuzaliwa ya vita. Iliundwa Scotland mwaka 1922, meli ya mvuke ya abiria yenye tani zaidi ya 7,000. Jina lake la kwanza lilikuwa Aconcagua, maana ilikuwa mali ya kampuni ya Chile na ilibeba abiria kati ya Amerika ya Kusini na New York. Mwaka 1935 ikauzwa kwa kampuni ya Misri, ikapewa jina la Khedive Ismail, yule mtawala wa Misri ambaye Mfereji wa Suez ulifunguliwa wakati wake. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, mwaka 1940 Waingereza wakaichukua iwe meli ya kusafirisha askari.

Hapa tuelewane kitu kimoja, maana ndo kiini cha habari yote. Wakati wa vita kuna meli ya hospitali na kuna meli ya askari. Meli ya hospitali hupakwa rangi nyeupe, huwekwa mstari wa kijani na misalaba mikubwa myekundu, na usiku huwashwa taa ionekane vizuri. Sheria ya kimataifa inakataza kuishambulia. Meli ya askari haina ulinzi huo. Adui akiiona ana haki ya kuipiga, hata kama ndani kuna muuguzi ambaye hajawahi kushika bunduki. Khedive Ismail ilikuwa meli ya askari. Wauguzi walipanda humo kama abiria tu, wakipelekwa kituo kipya cha kazi.

Tarehe 5 Februari 1944 iliondoka Mombasa kwenda Colombo, Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Ndani walikuwa watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996. Askari wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wanapelekwa upande ule kwa ajili ya vita vya Burma. Wanawake walikuwa zaidi ya 80: wauguzi na matroni wao, mabinti wa jeshi la maji la Uingereza, na wanawake wa kikosi cha usafiri. Walisafiri kwa msafara wa meli tano za abiria, zikilindwa na manowari.

Siku ya nane, Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, wakiwa karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 ikafyatua makombora yake ya chini ya maji. Mawili yakaipata Khedive Ismail. Jamani, meli ile ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu! Dakika tatu si muda wa kumvalisha mtoto viatu. Wengi walikuwa ndani, chini, na hawakupata hata nafasi ya kufika juu.

Sasa sehemu ngumu. Waliobaki walikuwa wanaelea majini, wameshika mbao na maboya. Nyambizi ikajificha chini yao hao hao. Manowari mbili, Petard na Paladin, zilikuwa na mabomu ya kulipukia chini ya maji, na ukiyatupa pale, yanaua na wanaoogelea. Ukiacha, nyambizi inazifuata zile meli nne nyingine zenye maelfu ya watu. Mabomu yakatupwa. Baadhi ya walionusurika kwenye kuzama wakafa kwa mabomu ya wenzao. Mwishowe I-27 ilizamishwa.

Sisi wauguzi tunafundishwa kupanga wagonjwa wakija wengi kwa mkupuo: nani aanze, nani asubiri. Hata hivyo, uamuzi wa yule kamanda sijui kama kuna darasa linaloweza kukuandaa nao. Mimi simhukumu. Nawawazia tu wale waliokuwa majini, walioona manowari inakuja wakadhani inakuja kuwaokoa.

Walikufa watu 1,297. Walipona wanaume 208 na wanawake 6. Wanawake waliokufa ni 77, na hakuna tukio jingine la vita ile lililoua wanawake wengi hivyo wa majeshi ya Uingereza na makoloni yake kwa mkupuo mmoja. Na vijana wetu wa mizinga ndio waliokufa wengi kuliko wote.

Hawana makaburi. Bahari ndiyo kaburi. Mnajua kwetu msiba bila maiti ulivyo mzito: unaanua matanga vipi wakati hujamzika mtu? Kuna mama alingoja, labda miaka, akisikia hodi anadhani ni yeye. Majina ya askari wale yamechongwa kwenye ukumbusho ulioko makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Ukipita na watoto, ingieni. Wasomeeni majina kwa sauti.

Na mkipanda feri au boti na wanenu, kabla hamjaanza kupiga picha, ulizeni jaketi za kujiokolea ziko wapi na kama zipo za saizi ya mtoto. Ikishaharibika, muda wa kutafuta haupo.

Kama kwenu kuna babu aliyekuwa Keya, au aliyeondoka Mombasa mwaka 1944 asirudi, waulizeni wazee sasa wakiwa bado wapo, na muandike jina lake mahali. Sehemu ya 5 itakuja Jumapili Mungu akipenda. Lala salama.